Kitambaa cha Macho

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo, nyinyi mnaojifunza kushona pale Kamembe. Nilikubali kwa adabu, maana alikuwa ameninunulia fanta na kuniketisha kiti cha mbele. Lakini nilipoingia karakana yenu nikaona cherehani zimepangwa, zimefunikwa plastiki safi, na chini ya sindano hakuna hata kipande cha kitambaa. Mashine zote tupu. Nikataka kuuliza ni nani amewafundisha kuziacha hivyo. Kisha nikakumbuka yaliyotukuta, nikaona mimi ndiye mtu wa mwisho anayestahili kuuliza swali hilo, nikanywa fanta yangu na kurudi nyumbani. Kwa hiyo maneno ya kutia moyo sina, na haya ninayoandika yametoka kwenye hasira.

Mtaani naitwa Papa Sauda. Nimeshona maisha yangu yote kwenye baraza moja karibu na soko la Kamembe, mafundi tumejipanga bega kwa bega, mgongo ukutani na uso barabarani. Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, mwenye mashine ya kwanza kwenye baraza ile, ya miguu ya chuma, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika kwa kushikwa. Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kukata wala kupima. Kilikuwa kipande cha kaki.

"Usiache mashini butupu, mutoto," aliniambia. "Butupu inafukuza batu."

Kila jioni, kabla ya kufunika mashine, alikuwa akiweka kipande kile chini ya sindano na kuteremsha mguu wa mashine ukibane. Sababu ya kwanza ni ya kweli kabisa na ninawasihi muishike. Mafuta hushuka usiku, na kama hakuna kitambaa cha kuyanywa, mtu wa kwanza wa asubuhi akikuletea nguo nyeupe utamrudishia yenye doa. Tena yale meno ya chini hayasagani na chuma cha juu. Sababu ya pili ndiyo ya watu. Mteja akipita akamkuta fundi amekunja mikono, hajisemei kwamba leo biashara mbaya. Anajisemea kwamba huyu hajui kushona, ndiyo maana hana nguo za watu, na anakwenda kwa jirani. Kwa hiyo siku ambayo hakuna nguo ya mtu, unapiga kile kipande. Unakanyaga, gurudumu linazunguka, unainamisha kichwa kama mtu aliyebanwa na harusi tatu. Na ili usile hasara, unatoa uzi kwenye sindano kwanza. Sindano inatoboa tu. Tulikiita kitambaa cha macho.

Nakumbuka mwaka wangu wa mwanzo nilisahau kukitoa. Bwana harusi mmoja kutoka ng'ambo ya mto, Bukavu, alikuwa ametuletea suruali ya kostimu, ile suti yake ya harusi, ipunguzwe kiunoni. Nikaiteleza chini ya sindano juu ya kile kipande, nikatia uzi, nikashona kwa mbwembwe zote. Bwana harusi akaja mbio, akaivaa bila kugeuka, akaondoka. Alipopiga magoti kanisani, kanisa zima likaona kipande cha kaki chenye mafuta kimening'inia nyuma yake kama ulimi. Nilisimuliwa na shemeji yake, aliyekuja baraza siku ya pili akitafuta mtu wa kumpiga. Mzee Rajabu alimkalisha, akamnunulia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka. Mimi alinipa suruali zote za wiki ile nikague makalio. Tangu hapo kabla ya kushona napitisha kiganja chini ya mguu wa mashine, na nyinyi fanyeni hivyo hivyo.

Mwishoni mwa baraza, kwenye kigoda, alikaa Maman Furaha. Yeye hakuwa na mashine. Alikuwa fundi wa matundu ya vifungo. Sisi sote tulimpelekea mashati, makoti na kanzu zilizokwisha kushonwa, naye ndiye aliyezifungua macho, kama tulivyopenda kusema. Mume wake alikuwa dereva wa lori, akafa, akamwachia watoto na kile kigoda. Watoto wale wamekula, wamesoma na wameoa kwa matundu ya vifungo.

Nawaambia alivyokuwa akifanya, maana sidhani kama mtafundishwa. Anazungusha ukanda wa karatasi kwenye kifungo, anaukunja katikati, hiyo ndiyo saizi ya tundu. Anapitisha uzi kwenye mshumaa mpaka uwe mgumu kidogo. Anashona kwanza mzunguko mdogo wa kushikilia, ndipo anakata, ndipo anafunika ukingo kwa mishono yenye fundo, kila fundo limelala juu ya ukingo karibu na mwenzake. Ukiligusa kwa kucha unasikia kama meno ya kitana. Mashati yetu yalichakaa kola, yakachanika viwiko, yakageuzwa matambara ya kupangusia baiskeli, na matundu ya Maman Furaha yakiwa bado mazima.

Sasa mtaniuliza nguo za watu zilikwenda wapi. Mwanzo ilikuwa caguwa, mitumba ya wazungu. Tulilalamika, lakini tukisema kweli caguwa ilitulisha pia, maana mzungu ni mnene na mrefu, na kila suruali yake ilihitaji fundi. Serikali ilipopandisha ushuru wa caguwa tulipeana mikono kama siku ya Idi. Mzee Rajabu alinunua hata makasi mapya. Tukangoja watu warudi kwenye vitambaa, na hawakurudi. Zikaja nguo mpya kutoka mbali, zimelala ndani ya plastiki, zina pini mabegani na karatasi ngumu kwenye kola, shati zima likiuzwa chini ya bei ya kitambaa chake. Nilijaribu kupiga hesabu ile mara nyingi, nikidhani nimekosea. Hata binti yangu Sauda alimnunulia mume wake moja. Alilificha nisilione, lakini nililiona siku ya kufua, limeanikwa nyuma ya shuka. Ningemwambia nini, anunue ghali ili baba yake ale?

Tukaanza kukaa. Kwanza siku moja moja, halafu siku nyingi. Kaki ikawa inapigwa asubuhi mpaka alasiri. Na aliyeumia kabla yetu sote ni Maman Furaha, kwa sababu sisi tulipata angalau zipu ya kubadilisha na upindo wa kushusha, lakini shati la kwenye plastiki linakuja na matundu yake. Yeye hakupata hata hiyo zipu. Alichukua kitambaa chake cha macho, kipande cheupe cha shuka, akawa anashona tundu, anamaliza, anashona jingine pembeni yake, safu kwa safu. Uzi ukimwishia alifumua safu ya kwanza na kuanza upya kwa uzi ule ule. Asubuhi alifika kabla yetu, akasalimia, akakaa, akashona matundu yasiyo na kifungo mpaka jua liingie barazani. Nilikuwa naona aibu kumtazama.

Ndipo tukasikia habari ya msaada. Ilitangazwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, tulipomaliza kufyeka na kuzibua mitaro, watu wamekaa kwenye nyasi kwa mkutano. Alikuja afisa wa mradi, kijana mpole, ameshika kipaza sauti. Alisema serikali inajua kwamba nguo za nje zimewanyang'anya mafundi kazi, na kwamba mafundi hawataachwa hivi hivi. Watakaochaguliwa watafundishwa mashine za umeme, watapewa mashine hizo kwa ushirika, na sare za shule za wilaya zitaanzia kwao. Na akataja, nakumbuka vizuri, kwamba ushirika utahitaji pia watu wa kumalizia, wa vifungo na matundu. Nilimtafuta Maman Furaha kwa macho. Alikuwa amesimama wakati sisi tumekaa, mkono mdomoni.

Halafu kijana yule akaharibu kila kitu kwa neno moja. Alisema kwa Kinyarwanda kwamba msaada ni wa abashomeri, na akaomba abashomeri wainue mikono awaone.

Nyinyi mmezaliwa juzi, neno hilo kwenu huenda ni neno la karatasi tu, la mtu asiye na ajira. Kwetu Kamembe mushomeri ni yule anayeshinda stendi ya mabasi akicheza karata, anayeazima sigara, ambaye mama yake hataki kuulizwa habari zake. Ni tusi la kumtupia mtu mnapogombana. Ukimwita fundi mushomeri mbele ya wateja, jiandae kukimbia. Basi mafundi tukabaki na mikono chini. Nilitazama mkono wangu ukiwa juu ya goti, ukakaa pale pale kama si wangu. Stendi nzima ilikuwa imekaa upande wa kushoto, na wale vijana wakainua mikono wakicheka. Wao wameitwa hivyo tangu utoto, halikuwauma tena.

Afisa akageuka upande wetu akashangaa. Akamuuliza Mzee Rajabu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ndevu nyeupe kuliko wote, kama yeye ana kazi. Mzee akasimama, akapangusa nyasi kwenye kanzu.

"Miye si mushomeri," alisema. "Niko na kazi yangu tangu kijana, na batu bote hapa banaijua."

Watu wakampigia makofi, na mimi nikapiga. Mtu anaweza kufa na tai shingoni, na siku ile sisi ndio tulioshona tai zenyewe. Kwake yeye, na kwangu, kazi ni kile kilichomo mikononi mwa mtu. Hakiondoki kwa kuwa hakuna aliyeleta kitambaa. Kijana yule yeye aliuliza kitu kingine kabisa, aliuliza kama tunakula. Tulitumia neno moja na hakuna aliyegundua kwamba hatuzungumzi jambo moja.

Lakini hakuwa mtu mbaya. Akatangaza kwamba siku za karibuni atapita mwenyewe barazani, aone kwa macho yake hali ya mafundi ikoje, kabla ya kuamua. Tulirudi nyumbani na matumaini. Mzee Rajabu mwenyewe, hasira ilipomshuka, alituambia jioni ile kwamba afisa akifika tumweleze vizuri, kiume, bila kutumia neno lile. Tulikubaliana nani ataanza kusema. Maman Furaha alimuuliza Mzee kama ni kweli kutakuwa na kiti cha mtu wa matundu. Mzee akamwambia kiti cha kwanza ni chake. Usiku ule nililala vizuri.

Afisa hakusema atakuja siku gani. Alikuja asubuhi ya siku ya soko, watu wamejaa barabarani, pikipiki zinapita kwa honi. Gari jeupe likasimama ng'ambo ya barabara. Sisi tulikuwa tumekaa, hakuna hata upindo mmoja wa mtu kwenye baraza nzima. Mzee Rajabu akaona viatu vinavyong'aa vinatua chini, akakohoa.

Kikohozi kile mnahitaji kukielewa. Kwa maisha yetu yote, Mzee akikohoa maana yake mteja anakuja. Hakukohoa kwa hila. Alikohoa kama mtu anavyofumba jicho mdudu akija. Na sisi, kabla kichwa hakijafika, miguu ilikuwa imekwisha kufika. Baraza nzima ikaunguruma, magurudumu yanazunguka, vichwa vimeinama, kaki zinakwenda mbele na kurudi nyuma. Afisa alipovuka barabara alikuta mafundi tumezama kazini, hata salamu tunaitikia bila kuinua macho. Na nyuma yake watu wa soko wamesimama wanatazama.

Akatabasamu. Nilimwona, alifurahi kwa dhati. Shati lake lilikuwa lile la kwenye plastiki, mkunjo wa karatasi bado uko kifuani. Akapita polepole, akisema vizuri, vizuri sana, akapiga picha ya safu yetu. Kama angeinama kidogo tu angeona kwamba sindano hazina uzi. Kama angeuliza ile nguo ni ya nani, mmoja wetu angezinduka. Hakuinama wala hakuuliza. Na Mzee Rajabu, aliyekuwa aanze kusema, alikuwa anakanyaga, mdomo umefunguka kidogo, jasho linamtoka. Baadaye aliniambia kwamba alishindwa kusimamisha miguu mbele ya umati ule.

Afisa akafika kwenye kigoda. Maman Furaha alikuwa na shuka lake mapajani, limejaa matundu. Kijana akachutama ili awe sawa naye, jambo ambalo sisi tulilipenda, akamuuliza kwa Kiswahili chake kizito, kwa upole, "Maman, kazi iko?"

Nyinyi mnajua tunavyosalimiana. Kazi iko? Iko. Mtu anakujibu hivyo hata akiwa hajala. Tena aliulizwa mbele ya soko zima, na mtu mwenye viatu. Niliona midomo yake inachelewa. Nilikuwa kwenye mashine ya pili kutoka kwake, na naapa niliona kwamba anajua hiyo si salamu.

"Iko mingi," alisema.

Afisa akamshika mkono kwa mikono miwili, akavuka barabara, gari likaondoka. Magurudumu yakasimama moja moja. Watu wa soko wakaendelea na mambo yao. Kisha Maman Furaha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Papa Sauda, nilisema nini?" Akaokota sindano yake, akaendelea na tundu alilokuwa ameliacha katikati.

Mashine za umeme walipewa vijana wa stendi. Siwalaumu, na msinisikie vibaya. Waliulizwa kama hawana kazi, wakasema hawana, na ilikuwa kweli. Wengine wamejifunza, wanashona sare mpaka leo, na wawili watatu wanashona kunishinda. Wengine walirudi kwenye karata. Kilichoniuma ni kwamba waliomba kutoka kwetu mtu wa kuwafundisha matundu, na wakaambiwa na mradi kwamba mashine ile inayo kifaa chake cha matundu.

Mimi nilifunga safari nikaenda ofisini kwao kueleza. Nilivaa koti nililolishona mwenyewe. Alinipokea mtu mwingine, mkubwa wa yule kijana, akanisikiliza. Nikamweleza habari ya kitambaa cha macho, mafuta, mteja, kikohozi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," aliniambia, "tulibakuta munafanya kazi. Ao mulitudanganya?"

Nimeishi na swali hilo. Nikisema tulikuwa kazini, basi msaada hautuhusu. Nikisema hatukuwa kazini, basi sisi ni waongo, na waongo hawapewi mashine. Nilikaa pale nikitafuta neno la tatu, la mtu mwenye kazi asiye na kazi, na kwa lugha zote tunazochanganya hapa wilayani Rusizi sikulipata. Nikashukuru, nikaaga. Mpaka leo sijui kwa nini nilishukuru.

Mzee Rajabu aliuza mashine yake. Aliyenunua aling'oa kichwa akakitupa, akachukua miguu ya chuma, akaweka kioo juu yake, na sasa ni meza kwenye hoteli moja inayotazama ziwa. Sauda aliiona siku ya sherehe ya kazini kwao. Anasema watu wanaweka bia juu yake, na wakilewa wanachezesha kanyagio kwa mguu na kucheka. Mzee hajui, na wewe utakayesoma haya usimwambie.

Basi mwalimu wenu anataka nimalizie kwa ushauri. Ninao mmoja. Wekeni kitambaa chini ya sindano usiku, kwa sababu ya mafuta. Asubuhi mkitoe, mkitupe mbali, na siku mkiwa hamna nguo ya mtu kaeni mmekunja mikono, wateja wawakimbie wakitaka. Na akija mtu wa gari akawauliza, mwacheni aone utupu wote. Itawauma. Sisi ilituuma kufikiria tu, tukakimbia maumivu hayo, na tazama tulikofika.

Wiki iliyopita nilishuka mpakani kumsindikiza mgeni wangu wa Bukavu. Asubuhi, wanawake wamejipanga kuvuka daraja, kila mmoja na mzigo wake. Nikamwona Maman Furaha kwenye mstari. Kichwani amebeba furushi la mashati, yale ya kwenye plastiki, si yake, ya tajiri mmoja wa Kamembe anayemlipa kwa kuyavusha. Moja lilikuwa limechomoka, na wakati mstari unangoja, kidole gumba chake kilikuwa juu ya tundu la kifungo, kinapita, kinarudi, kikikagua uzi uliokwisha kuanza kufumuka kabla shati halijavaliwa. Hakuwa anatazama. Kidole tu.

Nilikaribia. Hapakuwa na afisa, wala mteja, wala mtu yeyote wa kumwonea aibu. Nikamwinamia kidogo, maana mzigo ulikuwa umemkandamiza shingo, nikamuuliza kama mtu anayetaka kujua kweli, "Maman Furaha, kazi iko?"

Mstari ukasogea. Akashika furushi kwa mikono miwili, akanitazama.

"Iko mingi, Papa Sauda," alisema, akavuka.